Jina Langu kwa Mikono

Ni mimi niliyefunga WhatsApp kwenye kompyuta zote za ofisi yetu ya kupitisha mizigo hapa Busia, na sijutii. Karani wangu Babra alikikwepa kizuizi changu kwa VPN, programu ya bure ya kupenya vizuizi vya mtandao. Virusi vikaingia, kompyuta zikagoma, malori yakakwama mpakani. Nikamfuata nikifoka, nikamkuta bado anapiga simu ya video.

“Video za nini? Si upige simu ya kawaida!”

“Mama ni kiziwi, bosi.”

Kwenye skrini, mama yake huko Mulanda alikuwa akiongea kwa mikono.

VPN niliing'oa papo hapo. Lakini kila mchana nampa Babra simu yangu ampigie mama yake. Viziwi humpa kila mtu jina la ishara. Langu, alilonipa mama huyo siku ile nilipofoka, lilikuwa ngumi kwenye paji la uso. Jana alinibadilishia: aliinua ngumi, akaifungua taratibu, akauweka mkono kifuani.