Uso wa Huseni

Shati la Mshamu lilikuwa limegandana na mgongo tangu juzi, alipochapwa viboko kwa kuchelewa shambani. Alipolibandua asubuhi ile, ngozi ilitoka nalo. Sasa alikuwa akichuma pamba kifua wazi, nzi wakimfuata mstari hadi mstari, na mama yake, Mwanabibi, akichuma nyuma yake na kuwapunga kwa ncha ya kanga. Shamba lilikuwa la serikali, nje kidogo ya Kibiti. Pamba yenyewe hailiwi. Mpunga wao, unaolika, ulikuwa bondeni ukivunwa na nguruwe.

Mwanabibi alijitahidi asitazame kwenye banda la jumbe, lakini shingo haikumtii. Huseni alikuwa amekaa pale kivulini juu ya kiti. Kiti hasa, chenye miguu minne na mgongo. Alivaa koti la kaki, na kwenye mkono wa koti ulishonwa utepe mwekundu. Magotini alipakata kisanduku cha bati.

Huseni alikuwa mtoto wa Zabibu, mke mwenzake. Mwaka jana boma lilitangaza mpango: kila jumbe atoe kijana mmoja akafundishwe kuchanja watu ndui, kwa sababu wachumaji wa pamba walikuwa wanakufa na pamba inabaki mitini. Huseni alikwenda, akafundishwa, akarudi na koti, kisu na kisanduku. Kisanduku kilikuwa kitupu. Dawa iliyotoka Ulaya ilioza kwa joto kabla haijafika Rufiji, ikamwagwa. Basi kazi ya Huseni ikawa kukaa na kisanduku mpaka dawa nyingine ije, na kwa kuwa alikuwa mtu wa serikali, hakuchuma pamba wala hakuchapwa.

Na kwa nini Huseni? Kwa sababu ya uso wake. Hapo ndipo roho ya Mwanabibi ilipochomeka.

Miaka ya nyuma ndui ilipopiga kijiji, Mwanabibi alimbeba Mshamu mgongoni akakimbilia kwa kaka zake, Nyamwage. Mume wao, Mussa, alibaki akafa. Zabibu na Huseni walibaki wakaugua wakapona, wote wawili nyuso zimechimbika. Mwanabibi aliporudi na mwanawe mwenye ngozi laini, alikuwa mama wa kijana mzuri kuliko wote pale mtaani, na hakuacha watu wasahau. Katika arusi moja alisema, na wanawake wakacheka mpaka wakashikana, kwamba atakayemwozesha Huseni binti yake amfunge binti kitambaa machoni kwanza. Zabibu alikuwepo. Alichota maji, akapita.

Leo hao waliochimbika ndio waliokuwa wanakunywa chai.

*

Akida alifika siku hiyohiyo juu ya punda, kanzu nyeupe, bakora mkononi. Jumbe alipiga mbiu, watu wakasimama mistarini.

"Vita viko ng'ambo ya mto," akida alisema. "Wamatumbi wamekunywa maji yao ya uganga, wanadhani risasi itageuka mvua. Serikali inapeleka askari. Askari wanataka wapagazi. Na pia serikali imepanga kuongeza wachanjaji. Kila jumbe atatoa kijana wa pili, nitakayemchukua mwezi ujao."

Wapagazi waliotangulia hakuna aliyerudi. Kila mtu pale alilijua hilo, kwa hiyo kila mama alimtazama mwanawe. Mwanabibi alifanya zaidi ya kutazama. Alitoka mstarini, akapiga magoti mbele ya punda.

"Nashika miguu, bwana. Mwanangu Mshamu ana nguvu, ana adabu, msahafu ameuhitimu."

"Yuko wapi? Sogea, wewe." Akida alikiinua kidevu cha Mshamu kwa ncha ya bakora, akakigeuza huku na huku. "Uso safi huu. Hafai."

"Hafai kwa uzuri, bwana?"

"Mchanjaji analala na wagonjwa. Serikali haimfundishi mtu leo akazikwa kesho. Daktari anataka waliokwisha kuugua. Mwenye alama."

"Si achanjwe basi, bwana, awe kama aliyeugua?"

"Dawa iko wapi? Unayo wewe?"

Watu walicheka kidogo, cheko la kumridhisha mkubwa. Huseni aliinamisha kichwa juu ya kisanduku chake. Mwanabibi akauliza, "Na wasio na alama, bwana?"

"Wana migongo," alisema akida. "Watabeba."

*

Jioni Zabibu alimletea bakuli la nyama kutoka kwenye mgao wa Huseni. "Mpe Mshamu, dada, apate nguvu. Na mafuta haya ya nazi umpake mgongoni."

"Ahsante, mama Huseni," alisema Mwanabibi. Nyama ile ilikuwa laini, imekolea chumvi. Angetukanwa na Zabibu angelala. Wema ule ndio uliomnyima usingizi.

Kaka yake Shaban alikuja usiku ule kwa siri kutoka ng'ambo, ana kibuyu kidogo kiunoni. Alitaka Mshamu anywe maji ya uganga avuke naye kwenda kupigana.

"Risasi haitampata, dada. Wallahi."

"Siogopi risasi mimi. Naogopa mzigo. Una maji ya mzigo?"

Shaban hakuwa nayo. Alikwenda zake, na Mwanabibi akabaki na wazo lake alilokuwa amelifinyanga tangu asubuhi, akalikuta limekauka kama chungu, tayari kutumika.

Kuchanja hakukuletwa na Mzungu. Watu wa mto waliwahi kuchanjana wenyewe kwa wenyewe: walichukua gaga, lile ganda la kipele, la mgonjwa anayepona, wakalisaga, wakalitia kwenye mkwaruzo wa mwiba, na mtu akapata ndui ndogo inayomkinga na ile kubwa. Watu wa boma walipiga marufuku, na aliyekamatwa alifungwa. Lakini marufuku ya boma ilikuwa haipiti vizuri kwenye mikoko. Huko Salale, kwenye kambi za wavua kamba, ndui ilikuwepo wakati ule ule, na Bi Tatu, mchanjaji wa zamani wa huko, bado alikuwa na mwiba wake.

Mwanabibi alipanda mtumbwi wa wauza mpunga akamfuata. Bi Tatu alimkuta kwenye tope la pwani, akamwonyesha kwa mbali mtoto mmoja aliyekuwa akicheza mlangoni pa kibanda, magaga yanamdondoka.

"Nitakupa la huyu. Ndui imemchukua kwa upole. Mwanao atapata homa, na vipele viwili vitatu mkononi. Basi. Litamkinga bila kumharibu."

"Mkononi?" Mwanabibi aliuliza. "Usoni je?"

"Usoni hapatatokea kitu."

"Akida hatazami mkono, Bi Tatu. Anatazama uso. Nataka limharibu kidogo."

Bi Tatu aligeuza shingo. Kibanda cha pili kilikuwa nyuma yake, na humo mlikuwa na mwanamume anayepiga kite, uso wote umefunga kama ganda la mti.

"Sichukui kwa yule," alisema Bi Tatu. "Hatukuwahi kuchukua kwa mtu kama yule."

"Nipe mwiba, nitachukua mwenyewe."

"Wewe huna alama. Utakufa." Akatema mate kando. "Unataka hasa?"

"Nataka hasa."

Kwa hiyo Bi Tatu aliingia. Alirudi na kitu kidogo ndani ya kipande cha mwanzi, kimezibwa nta, na hakupokea malipo Mwanabibi aliyomletea.

*

Mshamu hakulazimishwa. Walikuwa wamekaa juu ya dungu lao, kile kibanda cha miguu mirefu cha kulindia mpunga, na mto unameta chini yao. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Nikiwa na uso wa Huseni," alisema, "Mwanajuma atanitaka niwe mumewe?"

"Asipokutaka kwa uso atakutaka kwa koti."

Alicheka. Kicheko kilimwuma mgongoni, akakunja uso. "Fanya upesi, mama, kabla sijaogopa." Akamnyoshea mkono.

Ndui ilikuja, na haikuja na upole wowote. Homa ilimtupa kijana chini, kisha vipele vikatoka usoni, kichwani, kooni, viganjani, vikaungana. Na hapo Mwanabibi alikumbana na jambo ambalo katika hesabu zake zote hakulitia. Desturi ya mto ilikuwa moja, na hakuna aliyeivunja: asiye na alama hamkaribii mgonjwa wa ndui. Wenye alama ndio wanaomlisha, wanaomgeuza, na ikibidi ndio wanaomzika.

Zabibu alipanda dunguni. Huseni alimfuata. Mwanabibi alisimama chini, mbali, kwenye tuta la mpunga, akiwa amekumbatia sufuria ya uji aliotakiwa kuuweka chini na kurudi nyuma kabla wao hawajaja kuuchukua.

Alimsikia Zabibu akisema, "Fungua kinywa, baba. Kidogo tu. Hivyo hivyo, mwanangu."

Mwanangu! Mwanabibi aliuma kanga. Aliwahi kumwonea Zabibu wivu kwa kiti, kwa nyama, kwa koti, na sasa aliona kwamba ile yote ilikuwa michezo. Huyu mwanamke alikuwa amemshika mwanawe kichwa, amemlaza juu ya majani ya mgomba, anamwita kwa jina la mtoto wake, na yeye aliyemzaa anasimama na sufuria kama mpita njia. Alimchukia Zabibu kwa kila kijiko. Na aliomba asichoke.

Siku moja Zabibu alishuka kuchukua uji, akasimama kwa ule umbali wao.

"Ana mkwaruzo mkononi," alisema. "Mkwaruzo wa mwiba."

"Shambani kuna miiba."

"Kuna miiba," alikubali Zabibu. Akabeba sufuria. Hakuliuliza tena jambo lile, si siku ile wala baadaye.

Wakati huohuo ndipo dawa mpya ilipofika bomani, imefungwa vizuri safari hii, maana daktari wa askari hakutaka wapagazi wafie njiani na mizigo ya risasi ibaki msituni. Huseni aliitwa, akajaza kisanduku. Alichanja Kibiti, akachanja Dimani, akamchanja Mwanabibi naye, bila kumtazama usoni. Watu walivimba kidogo mkononi, wakaendelea na kazi. Hakuna aliyeharibika sura.

Mshamu alipona. Zabibu alimshusha dunguni mwenyewe, amemshika kiwiko. Mwanabibi alikimbia kumpokea, akauona uso, akashukuru Mungu kwa sauti: umechimbika wote, kuanzia paji la uso hadi kidevu, kuliko hata wa Huseni. Kisha Mshamu akageuza kichwa upande ambao mama yake hakuwepo.

"Mama? Uko wapi?"

Macho yalikuwa meupe yote mawili.

*

Akida alirudi pamba ya mwisho ikiwa inafunguka. Nyuma ya punda wake alitembea kijana mrefu, koti jipya, utepe mwekundu. Watu walimjua. Ni Sadala, ndugu wa mke wa akida. Uso wake uling'aa kwa mafuta, hauna hata doa.

Mwanabibi alimshika mwanawe mkono, akamsimamisha mbele ya punda palepale alipopiga magoti mwanzo.

"Bwana, huyu ndiye Mshamu. Ulisema mwenye alama."

"Nafasi ya pili imekwisha kupata mtu."

"Huyo hana alama, bwana."

"Amri imebadilika. Dawa ipo sasa. Aliyechanjwa anatosha, si lazima awe ameugua. Ndivyo serikali ilivyopanga." Akida alikuwa ananena taratibu, bila hasira, kama anayemweleza mtoto. Akanyosha bakora, akakiinua kidevu cha Mshamu. "Ila alama anazo kweli, huyu. Mbona haniangalii?"

Akaipitisha bakora mbele ya macho ya kijana, kushoto, kulia, kisha akaishusha.

"Mzigo hawezi," alisema akida. "Atatumbukia mtoni na sanduku." Akafikiri kidogo, akamgeukia jumbe. "Pamba aweza. Pamba inashikika."

Wakamrudisha mstarini. Mshamu aliinama, akaupapasa mche kutoka chini kwenda juu, akalipata tunda, akalichuma. Makaka makavu ya tunda yalimchoma vidole mpaka pamba ikatoka na damu. Mama yake alifuata nyuma akichuma yaliyompita, na yalikuwa mengi. Kule bandani Huseni alikuwa amesimama, kiti amempisha Sadala. Alikuwa akiwatazama. Mwanabibi aliinua uso akamtazama naye, na kijiba cha roho kikampanda upya, kikali kuliko siku zote: hakuona koti wala utepe. Aliona macho mawili meusi, mazima, katikati ya uso uleule aliomtakia mwanawe.

"Ambao bado!" Sadala alipiga kelele, akikishika kisanduku kwa fahari. "Ambao bado kuchanjwa, toeni mikono!"

Mshamu alilisikia hilo. Akaacha mche, akakunja mkono wa shati hadi begani, akaunyosha mkono wake hewani.

Sadala alipita mstarini akichanja mmoja mmoja. Alipofika kwa Mshamu alimtazama usoni, akaruka.

"Huyu hana haja."

Akaenda zake kwa mwingine. Mshamu hakujua kwamba amekwisha kupitwa. Aliendelea kusimama, mkono umenyooka, kichwa amekiinamisha kwa adabu anangoja kisu, mpaka msimamizi alipokuja na kanda tupu la kuchumia pamba, akaukuta mkono uko tayari, akalitundika hapo.