Watoto Sita wa Finna

Juu ya meza ya mapokezi vilipangwa vibandiko vya majina vya rangi sita, rangi moja kwa kila mtoto wa marehemu Finna wa shamba la Selholt. Kando kidogo palikuwa na rundo la vyeupe. Hrefna, aliyeandaa mkutano huu wa ukoo, mwanamke mwenye sauti ya kuitia kondoo ng'ambo ya bonde, alipitisha kidole juu ya orodha yake mara mbili, kisha akatabasamu kama mtu aliyekanyaga kitu gizani.

"Shangazi Oddný, hebu ngoja. Majina niliyanakili kutoka kitabu cha kanisa, cha mwaka ule walipohesabiwa watu wa shamba, na humo..."

"Humo sikuwemo," alisema Oddný.

"Na hivi vyeupe ni vya nani?" aliuliza Dalla, binti wa Oddný.

Hrefna alishusha sauti, jambo ambalo halikuwa kawaida yake. "Vya wageni. Na wakwe."

Dalla aliisogelea meza. Alikuwa na miaka hamsini na saba, na bado alijiona kama mtoto anayetaka kupigana katika uwanja wa shule. "Mama yangu si mgeni hapa. Ni mtoto wa tano wa Finna. Wa tano kati ya saba."

"Nipe cheupe, mwanangu," Oddný alimwambia Hrefna. "Kinafanana na nywele zangu." Akakibandika mwenyewe kifuani, akakilainisha kwa kiganja, akaingia ukumbini.

Zamani ukumbi ule ulikuwa wa shule ya bweni. Nje, mvua nyembamba ilikuwa ikilowesha mahema. Ndani mlinukia supu ya kondoo na soksi mbichi, na watu zaidi ya mia walikuwa wakikumbatiana na kukaguana nyuso. Dalla alitazama. Kila alikogeuka alikiona kidevu cha mama yake: kwa mzee mwenye kinanda cha mkononi, kwa msichana mjamzito, kwa mtoto anayelilia keki. Kidevu kile kilikuwa mali ya umma. Mama mwenyewe ndiye aliyekuwa amekaa mwisho wa benchi, mkoba mapajani, kama abiria.

Habari yenyewe Dalla aliipata kwa makombo, tangu ujana wake. Babu Sölvi alizama na mashua yake mwezi wa Machi. Finna akabaki na vinywa saba na ng'ombe mmoja, na wakubwa wa kata wakaamua kwamba saba ni wengi. Oddný, mwenye miaka sita, akapelekwa ng'ambo ya milima miwili, kwa watu waliohitaji miguu ya kukimbiza kondoo. Wenye ndimi laini waliita jambo hilo kulelewa. Tangu hapo ndugu walionana makaburini tu, wakizikana mmoja baada ya mwingine, mpaka wakabaki wawili: yeye na Arnkell. Mtu kwao, hunena wahenga; lakini hawakutaja kwao ni wapi kwa mtu aliyetolewa.

Oddný mwenyewe hakuwahi kusema zaidi ya maneno mawili: "Nililelewa kwingine." Lakini kila jioni ya maisha yake alikunja nguo zake na kuziweka juu ya kiti karibu na mlango, kama mtu anayeweza kuitwa aondoke saa yoyote. Na hakujua kumkumbatia mtoto. Alikuwa akimkaribia Dalla mdogo mikono ikiwa nusu wazi, kisha akimfunga kifungo cha koti.

Baada ya supu, Arnkell alisimama. Alikuwa na miaka tisini na mmoja, na ukumbi mzima ukanyamaza bila kuombwa. Alizungumza vizuri. Alieleza majira ya baridi, nyasi zilizooza, mama aliyekuwa akishona kwa mwanga wa kipande cha mshumaa.

"Mama yetu aliachwa mjane na watoto sita mikononi," alisema. "Watu walimwambia: gawa, huwezi. Yeye akasema, tutakula pamoja au tutalala njaa pamoja. Hakumtoa hata mmoja. Ndiyo maana leo tuko hapa."

Makofi yakalipuka. Dalla alikuwa ameshaanza kuinuka pale vidole vya mama yake vilipomshika kifundo cha mkono, vidole vikavu, vigumu kama kamba ya kufungia ndama.

"Kaa chini."

"Mama, umemsikia?"

"Masikio yangu ni mazima. Kaa."

Kisha Oddný akauachia mkono ule na kupiga makofi pamoja na wenzake, taratibu, akimtazama kaka yake usoni. Arnkell aliiona ile mikono ikipiga. Alitafuta kiti kama kipofu.

Dalla alimkuta nje, chini ya ukingo wa paa, akijaribu kuwasha kiko kwa njiti zilizolowa.

"Mjomba, hesabu yako imepunguka mmoja."

Mzee hakujifanya haelewi. Alizitia njiti mfukoni. "Hotuba hiyo nimeitoa kila mkutano," alisema. "Mara ya kwanza Mama alikuwa hai, amekaa mbele yangu. Ningesemaje? Mara ya pili ikawa rahisi. Baadaye ikawa kweli. Leo ndiyo mara ya kwanza dada yangu kuja."

"Ungeweza kunyamaza."

"Ningeweza." Alifuta pua kwa mgongo wa mkono. "Mimi ndiye niliyempeleka, ulijua? Nilikuwa na miaka kumi na mitatu. Mama hakutoka nje. Alinituma nimwambie tunakwenda kutazama mtoto wa mbwa. Nikampakia mbele yangu juu ya farasi. Njia nzima alikuwa akichagua jina la yule mbwa. Tulipofika nikamteremsha, nikageuza farasi. Nilimsikia mpaka nilipovuka mto, na baada ya mto nadhani nilikuwa nikiusikia mto tu, sina hakika. Nyumbani Mama akaniuliza: alilia? Nikasema hapana. Basi. Jina lake halikutajwa tena mezani. Sisi sita tulishiba, Dalla. Tulishiba kwa kuwa yeye hakuwepo."

Dalla alifungua mlango wa ukumbi, akaushikilia.

"Kamwambie," alisema. "Si mimi. Yeye."

"Atanisikiliza?"

"Amekusikiliza leo na uongo wako wote."

Mzee alivuta pumzi, akaingia. Dalla alimfuata hatua tatu nyuma. Oddný alikuwa mezani peke yake, mbele yake chapati nyembamba zenye jamu ambazo hakuzigusa. Arnkell alisimama mbele ya dada yake. Alivua kofia, akaikamata kwa mikono miwili.

"Oddný," alisema. "Siku ile..."

"Kaa, Arnkell. Kahawa itapoa."

"Nataka kukwambia kwamba siku ile..."

"Mwaka huu mmevuna nyasi mara ngapi?" aliuliza Oddný, akimmiminia kikombe. "Kwetu mvua imeharibu mavuno ya kwanza yote."

Mzee akakaa. Wakazungumza juu ya nyasi kwa nusu saa. Kila alipojaribu kurudi kwenye ile siku, dada yake alimpitishia sukari, au alimuuliza habari za goti, kwa upole usio na ufa wa kupitisha hata kucha. Walipoagana, Arnkell alikuwa amekunjamana kama koti lililolowa.

Garini Dalla hakuweza kujizuia. "Mama, amebeba neno lile miaka sabini na minane. Kwa nini hukumwacha aliseme?"

Oddný alikuwa akitazama kondoo waliolala kando ya barabara.

"Angelisema," alijibu, "angepata usingizi."

Dalla aliendesha akivuka mlima wa kwanza, kisha wa pili. Maisha yake yote alimhesabu mama yake miongoni mwa wapole, wale wanaomeza. Alimhurumia, wakati mwingine alimdharau kidogo. Sasa alitamani kumtazama, asithubutu, akaendelea kushika usukani kwa mikono miwili kama siku ya mtihani.

Jua lilikuwa bado liko juu ya bahari walipoegesha mbele ya nyumba. Dalla alizima injini. Kabla hajafungua mlango, simu ikalia. Alikuwa Hrefna, na kwa sauti ile hapakuwa na haja ya kuiweka simu sikioni.

"Jamani, mmefika salama? Mjomba wako Arnkell amegoma kula. Amekaa hapa karibu na simu, anasema hatii kitu mdomoni mpaka asikie kwamba Oddný amefika nyumbani."

Dalla alimgeukia mama yake. Oddný alikuwa amekwisha fungua mkanda. Ufunguo wa nyumba ulikuwa mkononi mwake.

"Mwambie bado," alisema.

Kupitia kioo cha mbele mlango wao ulionekana, rangi yake imebanduka pembeni, na chungu cha maua. Mbali kule, nyuma ya kelele za ukumbi, mtu alikohoa karibu na simu, akangoja.

"Bado," alisema Dalla. "Bado hatujafika."