Alama Kumi na Saba za Penseli

Theoneste hakuwa amelewa. Naanza na hilo kwa sababu watu wa Kamuli wakisimulia kisa hiki humtafutia rubisi, wanasema pombe ya ndizi ilimpanda kichwani. Uongo. Ilikuwa saa tatu asubuhi, siku ya Jumatano, mtu mzima ametoka kunywa uji wake, akampiga mkewe huku akihesabu, na hesabu yake ilikuwa sahihi. Mlevi hahesabu vile.

Chanzo nilikuwa mimi. Naitwa Kokwijuka, nashona nguo barazani kwangu, na hasira zangu zinajulikana kuanzia hapa mpaka barabarani. Kitabu kilicholeta kisa hiki nilikiokoa stendi ya Omurushaka, kwa muuza karanga aliyekuwa anakichana kufungia karanga zake. Jalada lilishaondoka na wateja, jina lake hatukulijua kamwe. Ilikuwa riwaya ya mwanamke aliyeolewa na mtu wa heshima, ana nyumba, ana watoto, na siku moja anajiuliza yeye mwenyewe yuko wapi humo ndani. Nilisoma kurasa kumi nikiwa nimesimama, basi la kuja Kyerwa likaniacha.

Wasomaji tulikuwa watatu. Wa kwanza Vero, mwalimu wa shule ya msingi, mke wa mzee Gosbert, mwenyekiti wa kitongoji chetu. Wa pili Nikuze, mke wa Theoneste, ambaye kibanja chao, shamba la migomba, kinapakana na changu. Nikuze alilima kwake, akalima vibarua kwa watu, na bado alisoma haraka kuliko mwalimu. Wa tatu mimi. Kungojeana kulitushinda, hivyo nilichukua wembe nikakikata kitabu vipande vitatu, kila kipande nikakishona uzi mgongoni. Jumamosi tulikutana kwangu kuchambua kahawa kwenye mikeka, tukabadilishana. Huyu alianzia mwisho, yule katikati, na aliyethubutu kusimulia yaliyo mbele alirushiwa kahawa usoni. Tulicheka mpaka mbavu zikauma.

Nikaweka na sheria, maana mimi siwezi kukaa mahali bila kuweka sheria. Panapokugusa, tia alama ya vema pembeni. Penseli ilikuwa moja, imefungwa kwenye kipande cha katikati, na kile kipande kilipita kwa Vero, kikaja kwangu, kikaenda kwa Nikuze. Mimi nilitia vema kama mtu anayetia chumvi. Eliud, mume wangu, katika miaka kumi na tisa hakuwahi kuninyooshea hata kidole, kwa hiyo niliona nasoma habari za wanawake wengine. Niliwaonea huruma nikawatilia vema, kisha nikaenda kupika.

Theoneste alikikuta kipande kile ndani ya debe la unga. Darasa la saba alimaliza, anasoma vizuri. Hadithi hakuisoma. Alisoma zile alama.

Nilisikia kilio nikiwa kwenye cherehani. Nilikatiza migombani, na nilipotokea uani kwao nilimkuta Nikuze amepiga magoti, mkono wa kushoto umepinda mahali pasipo na kiungo. Theoneste alikuwa na fimbo ya mti wa kahawa mkono mmoja na karatasi mkono mwingine. Alikuwa anasoma sentensi yenye alama, anapiga, anafunua ukurasa, anatafuta nyingine. Alipofika ya kumi na mbili aliisoma kwa sauti kama katekista: mwanamke yule alikuwa amechoka kuwa kiti ambacho kila anayeingia anakikalia. Fimbo ikampata Nikuze mdomoni. Jino lilidondoka kwenye vumbi mbele ya magoti yake, naye akalitazama kama kitu cha mtu mwingine.

Sentensi ile ilikuwa yangu. Niliikumbuka, niliitilia vema huku nikinywa chai.

Nilimrukia mgongoni. Nilimng'ata sikio mpaka nikaonja damu yake, akanibamiza ukutani, akarudi kwa mkewe akampiga ya kumi na tatu na ya kumi na nne. Ndipo wanaume walipofika, Eliud wangu akiwa wa kwanza, wakamnyang'anya fimbo. Nilimtukana Theoneste matusi yote ninayoyajua na mengine niliyatunga papo hapo. Nilimtukana yeye, nikatukana na tumbo lililomzaa. Lakini neno moja tu lililotakiwa, kwamba alama zile ni zangu, sikulisema. Eliud alikuwa amesimama pale. Niliogopa mume wangu asije akaninunia, wakati mwenzangu anatema damu. Mpaka leo nikikumbuka najiona mchafu.

Mzee Gosbert alisema mambo ya ndani hayaendi polisi, tuyamalize nyumbani. Nikuze akapelekwa kwa shangazi yake, Mukakalisa, na kwenye zahanati akaelekezwa aseme ameteleza mtoni. Baraza likapangwa Jumamosi uani kwa mwenyekiti. Wazee wakiamua arudi kwa mumewe, angerudi siku hiyo hiyo. Na Theoneste hakuficha kilichokuwa kinamngoja. Alikuwa anawaambia wenzake kwenye kijiwe cha bodaboda kwamba alama zilikuwa kumi na saba, zimebaki tatu.

Jumamosi ilifika. Watu kama arobaini walikaa kwenye mabenchi ya kanisani yaliyoazimwa, wanaume upande huu, wanawake upande ule. Nikuze alikaa kwenye mkeka, mkono umefungwa kwa ubao, midomo imevimba, shangazi yake pembeni. Mzee Gosbert alieleza kwamba kupiga kiasi kile ni kosa, hakuna anayebisha. Lakini Theoneste anadai mkewe ameshamwacha moyoni, anangoja kuondoka na miguu tu, na ushahidi ameuandika kwa mkono wake mwenyewe. Kama ni kweli, wazee wangemwambia Nikuze apige magoti, aombe radhi na arudi kwake.

Theoneste alisimama akasoma. Alisoma zote kumi na saba, moja baada ya nyingine, na kila moja wazee waliguna. Kuna ya mwanamke anayeficha wimbo wake mume akiingia. Kuna ya mwanamke anayejibu "ndiyo" kabla hajaulizwa. Nilizijua zangu kumi na moja, na tano nilizijua kuwa za Vero kwa sababu nilizikuta tayari kipande kilipokuja kwangu. Nilimtazama Vero. Alikuwa anatazama viatu vyake.

Ile ya mwisho sikuwahi kuiona na alama. Ilikuwa ndiyo pekee ya Nikuze. "Siku hiyo alikula chakula chake polepole, mpaka mwisho, na hakuna aliyemwita."

Wanaume wengine walicheka. Mzee Gosbert akamuuliza Nikuze kama alama zile ni zake. Nikuze alisema ni zake, zote. Hakunitazama hata mara moja.

Nilisimama. Nikasema, "Kumi na moja ni zangu. Kitabu ni changu, penseli ni yangu, na sheria ya kutia alama niliiweka mimi. Huyu amepigwa fimbo zangu."

Nikamwona Eliud anainuka upande wa wanaume. Nilidhani anakuja kusimama nami, nakuapieni, nilisogea kidogo kumpisha nafasi. Alinizaba kofi ambalo lilinipindua juu ya benchi na kina mama wawili waliokuwa nyuma yangu. Sikio lililia. Nilipoinua kichwa nilimwona amesimama anautazama mkono wake, na nyuma yake watu arobaini wanatutazama sisi, siyo Theoneste tena.

Ndipo Vero alipoinuka. Sauti yake ni ile ya darasani, haina haja ya kupanda. Alisema tano ni zake, akamgeukia mumewe mwenyekiti, akamuuliza kama angependa kumpiga hapo hapo au wakishaingia ndani.

Theoneste aliona kesi inamponyoka. Alipita katikati ya mkeka akamkanyaga Nikuze kwenye mkono ule ule uliovunjika, kwa kisigino, kwa uzito wake wote. Nilisikia ubao unavunjika. Nilisikia na kingine pia. Na wazee wale wale waliokuwa wakiguna kwa busara walimwangukia kwa ngumi na miguu ya mabenchi, kana kwamba ametukana mama zao. Aliyempiga kuliko wote alikuwa Eliud. Alimkalia kifuani akampiga usoni, kushoto kulia, analia, anapiga, na hakuna aliyeweza kumwondoa. Theoneste akageuka nyama usoni. Sikuona raha, na nilikuwa nimeingoja raha hiyo siku tatu.

Katika vurugu ile hakuna mwanaume aliyekumbuka kilichokuwa kinaamuliwa. Mukakalisa alimwinua mpwa wake, mimi nikashika upande wa pili, tukapanda naye mpaka barabarani. Nilisimamisha bodaboda, nikamwambia kijana ampeleke Rubwera, polisi kwanza akachukue PF3, fomu ya matibabu, halafu hospitali, na aseme ukweli kote kuwili. Mukakalisa akakaa nyuma yake kumshikilia.

Kabla hawajaondoka nilimuuliza Nikuze kwa nini alinyamaza siku zote zile. Alizungumza kwa shida, mdomo ukivuja.

"Ningesema, dada, ungepigwa."

Nikamwambia nilikuwa na uhakika Eliud si mtu wa hivyo.

"Na mimi nilikuwa na uhakika," akasema. "Mwaka mzima wa kwanza."

Pikipiki ikaondoka. Nilisimama mpaka vumbi lilipotua, kisha sikujua pa kwenda, kwa hiyo nilikwenda nyumbani.

Eliud aliingia saa kumi na kitu. Mikono ilikuwa imevimba, shati lina damu ya Theoneste. Alikaa kwenye kigoda mlangoni, akatazama kuku. Nilikuwa namenya ndizi na sikuacha kumenya. Alieleza kwamba ilikuwa aibu, mbele ya watu wote, hakujua hata mkono umetoka vipi. Alieleza mara tatu. Kila mara alianza upya kana kwamba safari hii maelezo yatatoka vizuri zaidi. Halafu akaniuliza, kwa sauti ndogo kama ya mgonjwa, kama alama zile kumi na moja zilikuwa zake. Alitaka kujua kama ndani ya kile kitabu na yeye yumo.

Niliweka kisu chini. Ningeweza kumdanganya, na mke mwema angemdanganya, na jioni ingepita.

"Mpaka asubuhi ya leo hukuwemo," nikamwambia. "Nilikuwa nawahurumia wengine. Sasa umo."

Alijifunika uso kwa mikono ile iliyovimba akalia kwa sauti, mtu mzima, mabega yanatikisika. Miaka kumi na tisa nimekuwa nikimbembeleza akiugua, akifiwa, kahawa ikikataa. Nilimtazama, shavu langu linawaka moto, nikagundua kwamba siinuki.