Mfupa wa Mzee Ndesanjo

Bamba la chuma lililoshikilia mfupa uliovunjika ndani ya paja la Mzee Ndesanjo lilikatika Jumanne asubuhi, akishuka ngazi mbili tu za nyumba yake kule Sekei. Hakuwa amebeba kitu wala hakuteleza. Alikanyaga kama daktari alivyomruhusu, kitu kikalia ndani ya paja, akakaa chini palepale.

Daktari Lemburis alimruhusu kuacha magongo kwa sababu Nancy, binti wa mzee, alimhakikishia kuwa mfupa umeunga. Nancy naye alihakikishiwa na kompyuta. Ndiyo kazi yake chuoni: huuchora mfupa uliovunjika ndani ya kompyuta, pamoja na bamba na skrubu zake, kisha modeli hiyo inaonyesha utakavyounga wiki baada ya wiki. Picha za eksirei hazikueleweka, chuma kiliuziba ufa, na daktari akasitasita. Modeli haikusita. Kufikia wiki ya kumi na sita, ilisema, paja litabeba mwili mzima. Siku ile Nancy alijivuna kidogo, na tusimwonee, nani asingejivuna? Mzee alikuwa mgonjwa wake wa kumi na mbili, na wa kwanza aliyekuwa baba yake.

Sasa baba amelazwa, na mfupa haujaunga. Ijumaa atapasuliwa tena. Daktari alisema wazi kwamba akiweka bamba jingine bila kujua kilichoharibu la kwanza, nalo litakatika, na mguu wa mtu wa miaka sitini na tisa hautavumilia kupasuliwa mara ya tatu.

Nancy alipitia upya kila alichokiingiza: umri, uzito, upana wa ufa, kila skrubu. Vyote vilikuwa sawa. Kulikuwa na mstari mmoja tu ambao jicho lake liliuruka kila alipoufikia. Sigara kwa siku: sifuri.

Hakuwahi kumuuliza. Angemuulizaje? Mzee Ndesanjo ni mzee wa kanisa, ndiye anayesimama mbele Jumapili kusoma matangazo. Lakini tangu Nancy akiwa darasa la pili, kila jioni baba huenda nyuma ya banda kuangalia kuku, na nyumba nzima hubaki ndani mpaka arudi akinuka moshi na pipi ya mnanaa. Hakuna aliyewahi kusema neno. Ndiyo heshima ya nyumba ile, na Nancy aliiingiza kwenye kompyuta kwa mkono wake mwenyewe, huku akijua. Moshi hubana mishipa ya damu, na mfupa usiopata damu ya kutosha hauungi vizuri. Yeye mwenyewe huwafundisha wanafunzi wake hilo kila mwaka. Aliona aibu.

Alhamisi daktari alikuja na fomu, akawakuta Nancy na mama yake kando ya kitanda. Akauliza kwa upole kama mzee anavuta sigara. Mama akawahi kujibu kwamba baba Nancy ni mzee wa kanisa. Daktari akainamia fomu aandike hapana.

"Anavuta," Nancy alisema. "Nisamehe, Baba. Unavuta, na mimi niliandika huvuti."

Mzee Ndesanjo akageukia ukuta. Nancy alitamani ardhi ipasuke immeze. Kisha mzee akasema bila kugeuka, "Andika tano kwa siku."

"Kumi na tano," mama akasema, macho yake kwenye chupa ya uji. "Mashati nafua mimi."

Daktari akaandika. Nancy alifungua kompyuta palepale kwenye kiti cha wageni, akafuta sifuri, akaweka kumi na tano, akaiacha ihesabu. Wiki zikapita kwenye kioo, ya nane, ya kumi, ya kumi na sita, na ufa haukujaa. Bamba lilianza kuwa jekundu, rangi ya kulemewa, kwenye skrubu ya nne. Wiki ya kumi na tisa likakatika. Jumanne ile ilikuwa ya wiki ya kumi na tisa.

Baba yake alikuwa amegeuka, anatazama. Aliuliza kama kompyuta ingeweza kuyaona haya mapema, kabla hajashuka zile ngazi.

"Ingeyaona, Baba," Nancy alisema. "Mimi ndiye sikuiambia."