Mguu wa Mzee Spana

Tangazo la kampeni la mgombea lilimwonyesha fundi wa idara ya maji akiburuta mguu na kupiga miayo, huku bomba likimwaga maji barabarani. "Hawa ndio wanaotafuna kodi yenu!" Mzee Spana, fundi bomba, aliutambua mwendo kabla ya sura. Mwendo ulikuwa wake, tangu bomba lilipomponda goti kazini. Sura ilikuwa ya mwanawe wa kumzaa, mwigizaji.

Chama cha wafanyakazi kiliwaka moto. Katibu akaapa kujibu mapigo kwa tangazo lao: Spana mwenyewe atokee, nchi nzima ione mguu ulioliwa na kazi. Mzee akavaa yunifomu, akatembea mbele ya kamera, akarudia na kurudia hadi jasho likamtoka kwa maumivu.

Mpiga picha akatikisa kichwa. "Mzee, unachechemea kama mtu anayeigiza."

Katibu akakuna kidevu. "Yule kijana wao aliupatia kwelikweli. Tumchukueni yeye."

Jioni kijana akaingia nyumbani meno yote nje. "Shikamoo, baba. Safari hii nakuigiza kama shujaa! Hebu tembea kidogo hapo sebuleni nikuangalie, nimeanza kuusahau mwendo."

"Marahaba," akajibu Spana. Akainuka, akatembea.