Moshi wa Jikoni kwa Mama

Nyumbani mjini, mtaani Huruma, Opicho alimwonyesha shangazi yake Annah, aliyemwita Senge kwa lugha ya kwao, picha aliyopiga jana ya kijiji chao kando ya mto. Moshi ulipaa kutoka jikoni kwa mama yake, na maji yalitulia kama kioo.

"Jiwe la kufulia liko wapi?"

"Limezama, Senge. Si inapendeza?"

"Inapendeza nini, wewe! Jiwe hilo likizama, mto unakaribia kufurika, na watu huhamia kanisani kilimani. Mama yako anapika nini hapo?"

Opicho akanywea. "Alitaka kuhama. Mimi nilimwomba abaki, moshi uonekane."

Alimpigia mama yake simu mara tatu bila kujibiwa. Mara ya nne, kuku walisikika kwanza.

"Tuko kanisani, mwanangu. Ulipoondoka tu nilizima moto. Moshi umetoka vizuri pichani?"