Chini Kwanza

Ukuta wa shimo la akiolojia ukichukuliwa sampuli za udongo, unaanza chini. Hilo silijadili na mtu. Ukianza juu, udongo wa juu unamwagikia ule wa chini, na watu waliopishana kwa karne nzima unawalaza kitanda kimoja.

Asubuhi ile nilimkuta wifi yangu, dada wa mume wangu na mkuu wangu kazini, amekwisha kumaliza ukuta mzima. Mifuko ilikuwa ukingoni, imefungwa vizuri. Juu yetu katapila lilikuwa linanguruma, maana mchana shimo lingefukiwa, msingi wa jengo jipya uanze.

"Umeanzia wapi?" nikamuuliza.

"Juu. Si unasikia hilo katapila?"

Damu ikanichemka. Tabaka la juu la ukuta ule lilijaa mtama ulioungua, na hilo kila mtu alilijua. Chini kabisa ulipita mstari mweusi ambao wifi ameutetea tangu tuanze kuchimba: kwamba ni jiko, kwamba watu wa kwanza kabisa hapa walipika nafaka. Wenzetu walimcheka. Moto wa porini tu, walisema. Punje chache kutoka mstari ule zingewafunga midomo. Sasa mtama wa juu ulikuwa umeshadondokea huko.

"Nani atajua?" akasema, sauti chini.

"Mimi na wewe. Tayari tumekuwa wengi."

Nikachukua mfuko wa kwanza, nikaumwaga. Nikashika mwingine.

"Wifi! Unanitia mchanga kwenye kitumbua changu!"

"Nautoa," nikamjibu, nikaendelea kumwaga.

Akapanda juu. Nikadhani amekwenda kunishtaki kwa kaka yake. Kumbe alikwenda kwa dereva wa katapila. Sikusikia alichomwambia, ila wifi akiamua jambo, heri umpishe. Mtambo ukazimwa.

Tukaukwangua ukuta kwenda ndani, kina cha kiganja, mpaka uso wake ukawa safi. Mimi nikashika mwiko wa kuchimbia, yeye mifuko. Chini kwanza, na mwiko unaoshwa kila tunapopanda tabaka. Sikuwa na wasiwasi hata chembe. Kama punje zimo, zimo. Kama hazimo, tutasema hazimo.

Kusubiri maabara kulimshinda. Alichota konzi moja ya udongo mweusi, akaitia kwenye ndoo ya maji, akakoroga kwa mkono. Nafaka iliyoungua huelea. Tope likaanza kutulia, na punje zikapanda, nyeusi, moja, kisha nyingine, kisha kundi zima likajibanza pembeni mwa ndoo.

Nikafungua mdomo nipige vigelegele. Wifi akanizuia kwa mkono.

"Ndoo hii uliiosha?"

"Niliiosha."

"Wewe mwenyewe?"

"Mimi mwenyewe, wifi. Na nikaisuuza."

Ndipo akakaa chini, pale pale kwenye tope, akalia kwa furaha.